Baba amebakiza siku 13 za mionzi, anasema basi

Assalaam alaykum Mama, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Baba yangu ana miaka 61, na ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu tangu mimi sijaanza shule. Mwanzoni mwa mwaka alianza kukwama akimeza. Sikio la kulia likawa linamuuma ingawa halitoi usaha, kisha tezi ya shingoni ikavimba ikafika ukubwa wa limau. Tulihangaika na dawa za masikio miezi mitatu. Alipokatwa kinyama kikapimwa tukaambiwa ni saratani ya koo, nyuma ya ulimi, na imeshafika kwenye tezi za shingo.

Alipangiwa mionzi mara 35, siku tano kwa wiki, na dripu ya kemo, yaani dawa za saratani za mshipani, kila Jumatatu. Wiki mbili za mwanzo alikuwa anatutania kwa simu, anasema kuchomwa kwenyewe hakuumi hata kidogo. Amefika ya 22. Jumanne jioni alipanda basi akaja kula Idd el-Haj nyumbani, na leo ni Jumatano ya wiki ya pili hajarudi. Anasema basi, imetosha.

Mama, hali yake inatisha. Mdomo umejaa vidonda, mate yamekuwa mazito kama mlenda, anayavuta kwa kitambaa. Nyama ya Idd aliitafuna muda mrefu, akaitoa, akaiweka pembeni mwa sahani na kusema ni kama anatafuna boksi. Shingo imekuwa nyeusi, inabambuka. Sauti imekwenda, akitaka kitu anaandika nyuma ya kalenda ya zamani. Alfajiri anaamka, anatawadha, halafu anakaa mlangoni kumsikiliza kijana anayeadhini badala yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na ile tezi imepotea kabisa! Ukigusa hukuti kitu. Ndiyo maana ametuandikia: "Kilichokuwa kinaniua kimeondoka, sasa kinachoniua ni dawa." Anaiogopa pia ile barakoa anayofungwa nayo mezani, anasema kila siku anahisi kama anazikwa.

Ndugu nao kila mmoja na lake. Ba'mdogo anasema tumwache apumzike, maana kuna mzee wa mtaa wa pili alichomwa miaka mingi iliyopita, na mpaka anafariki alikuwa anatembea na chupa ya maji, mkate hawezi kumeza. Ba'mkubwa anataka tuuze shamba la minazi tumpeleke India, ambako anasema kuna mashine mpya zisizounguza. Mama yangu ametenga sahani na kikombe chake, na wajukuu hawaruhusiwi kumkaribia wasipate mionzi. Juzi jino la nyuma limeanza kumuuma, na binamu yangu anamjua fundi wa meno atakayeling'oa kwa bei nafuu. Alipewa morfini ya maji lakini ameificha, anasema hiyo ni dawa ya watu wanaokufa.

Labda haya yote tulielezwa hospitali, lakini siku ile akili zetu hazikuwepo. Naomba unisaidie. Je, ni haki kumlazimisha baba arudi kwenye mateso? Na akirudi, atakuja kula na kuadhini tena, au ndiyo tunamnunulia miaka ya kuishi na chupa ya maji?

Binti wa Muadhini, Tanga

*

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Siku ujumbe wako ulipoingia nilikujibu kwa maneno machache: mpigieni simu daktari wake leo, kesho baba awe njiani. Najua ilikuwa amri kuliko ushauri. Sasa umeniruhusu niichapishe barua yako, na mimi nina deni la kukueleza kwa nini nilikuharakisha. Maswali yako nimeyasikia kwa midomo mingi nilipokuwa muuguzi wa kitengo cha mionzi, na wengine waliyaleta miezi sita wamechelewa.

Tuanze na tezi iliyopotea, kwa sababu hapo ndipo baba anapopotezwa na macho yake. Kila siku ya mionzi mgonjwa kama yeye hupewa dozi ndogo, kwa kawaida grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi, kama kilo ilivyo kwa uzito). Mara 35 zinafanya grei 70, na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa kuumaliza uvimbe wa koo wa namna yake. Mara 22 ni grei 44. Kwa grei 44 tezi inaweza kuyeyuka, mkono usikute kitu, na bado ndani zimebaki seli nyingi mno ambazo hakuna kidole wala picha inayoweza kuziona. Isitoshe, kuanzia karibu wiki ya 4 ya matibabu, seli za saratani ya eneo hili zilizonusurika huanza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Baba ameondoka wiki ya 5. Ni sawa na mkulima aliyefyeka magugu, mvua ikaanza kunyesha, naye akaweka jembe chini. Wataalamu wa mionzi hukadiria kwamba kila siku matibabu yanavyorefuka, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa asilimia 1 hivi, pengine zaidi.

Ukitoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu yenyewe, mpaka siku uliyoniandikia alikuwa amekosa siku tano. Hazijapotea moja kwa moja. Daktari anaweza kumpa mionzi siku sita kwa wiki badala ya tano, au siku nyingine mara mbili kwa siku, zikiachana kwa saa 6 au zaidi. Jambo hili limepimwa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, liliratibu utafiti wa wagonjwa 900 wa saratani za kichwa na shingo katika vituo vya Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Amerika Kusini, na matokeo yakatoka 2010. Nusu walipata mionzi siku tano kwa wiki, nusu siku sita, jumla ya dozi ikiwa ileile. Baada ya miaka 5, uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 42 ya waliopata siku sita, na asilimia 30 ya waliopata siku tano. Dawa ileile, kilichobadilika ni kalenda tu. Sikufichi kwamba wa siku sita walipata vidonda vikali zaidi vya mdomo. Lakini ukiona kalenda peke yake inaweza kuleta tofauti hiyo, utaelewa kwa nini nilikupigia kelele.

Sasa swali lako la haki. Baba ni mtu mzima mwenye akili zake, na akisema hapana huku anajua anachokiacha, hakuna wa kumfunga kamba. Ila soma tena uliyoniandikia. Anakataa vidonda, mate mazito, nyama isiyo na ladha, barakoa. Hakuna mahali aliposema hataki kupona. Na vingi kati ya hivyo vinatibika, au vina mwisho unaojulikana. Vidonda vya mdomo huanza wiki ya 2 au ya 3, hupanda mpaka mionzi iishe, na wiki moja au mbili za baada ya hapo ndizo mbaya kuliko zote. Halafu vinashuka. Wengi kufikia wiki ya 4 baada ya siku ya mwisho wanaanza kusema wamelala usiku. Aliyewahi kusindikiza mtu njia hii anajua kwamba baba yako amesimama karibu na kilele cha mlima, na kutoka hapo kila upande panaonekana kubaya.

Mpeni kwanza ile morfini. Mwambie kwa sauti yangu kama yako haitoshi: morfini ni dawa ya maumivu makali, na koo lililochubuka lina maumivu makali. Kule Uganda, Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na tangu hapo morfini ya maji inayochanganywa kutokana na unga imekuwa dawa ya kawaida ya wagonjwa wa saratani. Kwetu Tanzania na jirani zetu Kenya inatumika vilevile. Vidonda vikipona wanampunguzia taratibu mpaka anaiacha. Anywe kama alivyoandikiwa, na dozi mojawapo iangukie kama nusu saa kabla ya chakula, ili anapokaa mezani koo limetulia. Itamfunga choo, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.

Pili, maji ya kusukutua. Chemsha maji lita moja, yaache yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asukutue taratibu na kutema, kila baada ya kula na kabla ya kulala, na katikati pia, mara sita kwa siku si nyingi. Chota kila siku maji mapya. Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana nimeona mdomo wa mtu ukiungua upya kwa kosa hili: bikaboneti ni ule unga mweupe laini wa pakiti ndogo unaoumulia maandazi na keki, ulioandikwa "bicarbonate of soda" au "baking soda". Magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine kabisa, yanaunguza. Baking poda pia siyo, hamira siyo. Dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti nazo mziweke mbali, pamoja na yale maji ya ndimu na tangawizi ambayo najua shangazi zako wameshayaleta. Na mswaki wa mti, ambao nina hakika muadhini hauachi, aupumzishe mpaka vidonda vifunge. Kwa sasa atumie mswaki laini kuliko wote utakaoupata. Mkiona utando mweupe unaobanduka, mwambieni daktari, huenda ni fangasi na ina dawa yake.

Chakula. Usimpikie anachokipenda, mwanangu, mpikie kinachopita. Uji mwepesi wa lishe wenye karanga zilizosagwa laini, mtori, parachichi lililopondwa na maziwa, yai ndani ya uji, maziwa mgando kama hayamchomi. Mlenda na bamia, ambavyo mtu mzima mwenye afya huvila kwa ugali, kwake yeye vinateleza vyenyewe. Vyote viwe vuguvugu au baridi, kidogo kidogo, mara nyingi. Pilipili, ndimu na achari viondoke mezani. Ladha ya nyama asiitafute sasa. Hurudi pole pole, kwa miezi, na kwa wengine hairudi yote.

Ikifika hatua hata uji haupiti, watampendekezea mpira wa kulishia kupitia puani. Familia nyingi huona huo mpira ni kushindwa. Mimi nawaambia ni daraja. Mpime uzito kila wiki, kwa sababu uzito una kazi mbili: unamshikilia yeye, na unaishikilia barakoa. Ile barakoa ilitengenezwa kwa plastiki iliyolainishwa kwenye maji ya moto, ikawekwa usoni kwake ikiwa bado vuguvugu, ikagandia umbo la pua, taya na shingo yake, yake peke yake. Ikifungwa mezani haimruhusu kusogea, na mashine inampiga palepale palipopangwa, kwa usahihi wa milimita chache. Akikonda sana, shingo inacheza ndani yake, na mpango mzima inabidi upimwe upya. Kwa hiyo kila bakuli la uji ni sehemu ya kulenga shabaha.

Na kuhusu kuhisi anazikwa, awaambie mafundi wa mionzi. Wanamwona kwenye kamera muda wote na wanamsikia, akiinua mkono wanasimamisha. Wapo wagonjwa wanaopewa kidonge cha kutuliza kabla. Nilikuwa na mgonjwa, mzee mwenzake baba, aliyekuwa akianza kusoma moyoni sura anayoijua pale mlango unapofungwa. Alishajua kwamba akifika aya fulani mashine inahamia upande wa pili, na aya fulani nyingine wanakuja kumfungua. Hofu haikuisha, lakini ilipata urefu.

Sasa nije kwa mzee wa mtaa wa pili, kwa sababu ba'mdogo hasemi uongo. Mate mengi tunayotumia wakati wa kula yanatoka kwenye tezi mbili zilizo mbele na chini ya masikio. Zamani, kwa mashine za kobalti, zinazotumia madini yanayotoa mionzi yenyewe, na mipango ya siku zile, koo lilipigwa kutoka kulia na kushoto kwa miale mipana, na tezi hizo zilikuwa katikati ya njia. Hazikuwa na pa kujificha. Zikaungua zote, na mtu akabaki na chupa ya maji maisha yake yote. Madaktari walilijua hilo na likawauma, na sehemu kubwa ya maendeleo ya mionzi kwa miaka 30 hivi imekuwa ni kuhangaika na jambo hilihili: tutaufikiaje uvimbe bila kumnyang'anya mtu mate yake, kumeza kwake, sauti yake?

Jibu moja ni utaratibu unaoitwa IMRT, unaofanywa kwa mashine ya LINAC, inayotengeneza mionzi kwa umeme. Kinywa cha mashine kina vibati vyembamba vingi vinavyoingia na kutoka kama meno ya kitana, na kwa vibati hivyo mwale hukatwa umbo na kupimwa nguvu kutoka pembe nyingi, dozi ikajaa kwenye uvimbe na kuikwepa tezi ya mate kadiri inavyowezekana. Uingereza waliulinganisha na mionzi ya kizamani kwa wagonjwa 94, matokeo yakachapishwa 2011. Mwaka mmoja baada ya matibabu, ukavu wa mdomo wa kumsumbua mtu ulikuwa kwa asilimia 74 ya waliotibiwa kizamani, na asilimia 38 ya waliotibiwa kwa IMRT. Kisha wakageukia misuli ya kumezea. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 112 wa Uingereza na Ireland: misuli hiyo ikikingwa kwa makusudi wakati wa kupanga mionzi, mwaka mmoja baadaye watu humeza vizuri zaidi kuliko wasiokingwa. Sisemi baba atakula makange mwaka ujao kama vile hakuna kilichotokea. Asilimia 38 si sifuri. Nasema yule mzee wa mtaa wa pili si kioo chake.

Kwa hiyo mkirudi muulizeni daktari wake mambo mawili, bila woga wala ugomvi: baba anatibiwa kwa IMRT au kwa mpango wa kawaida, na tezi ya mate ya upande gani imeweza kukingwa. Pale tezi zake za shingo zilipovamiwa na ugonjwa, upande huo haukingwi, na ni sawa, uhai kwanza. Lakini mkijua upande uliokingwa mtajua cha kutarajia.

Shamba la minazi msiliuze. Mashine za LINAC zimekuwepo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tangu 2018, na Kenya zipo pia. Na hata kama baba anatibiwa kwa kobalti, kuhamia India katikati ya matibabu maana yake ni viza, vipimo upya, barakoa mpya, mpango mpya: wiki nzima, pengine tatu, wakati tumeshaona siku moja inagharimu nini. Grei 26 zilizobaki apewe zilikoanzia 44. Fedha ya nazi mtaihitaji kwa nauli, maziwa na meno.

Na meno, jamani! Huyo fundi wa binamu yako asiliguse hilo jino. Taya lililopita kwenye mionzi hupoteza sehemu ya mishipa yake midogo ya damu, na kidonda cha kung'oa jino kinaweza kukataa kupona mpaka mfupa wenyewe ukafa. Ni tatizo baya, na linaweza kutokea hata miaka mingi baadaye. Meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, yakapewa wiki mbili hivi kupona. Lililoanza kuuma sasa lipelekwe kwa daktari wa meno anayewasiliana na daktari wa mionzi, huenda likatulizwa kwa dawa au kuzibwa. Na kuanzia leo mpaka mwisho wa maisha yake, kila atakayeingiza koleo mdomoni mwa baba aambiwe kwanza: hapa pamepigwa mionzi. Mdomo mkavu huozesha meno haraka, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi kila siku, na soda na peremende za sukari aachane nazo.

Kuna kazi mbili atakazofanya yeye mwenyewe, na hakuna mashine inayoweza kumfanyia. Ya kwanza ni kumeza. Hata siku ambayo chakula chote kinapita kwenye mpira, ameze maji, mafunda machache, mara kadhaa. Misuli ya koo isipotumika hukakamaa, na kuilainisha baadaye ni vigumu sana kuliko kuizuia isikakamae. Ya pili ni taya. Mwambie asimamishe vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, avipitishe kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kama vinapita vyote vitatu, taya liko sawa. Vikipita viwili tu, limeanza kufunga. Hapo huwa natumia vijiti bapa kama vile vya aiskrimu: unavipanga pamoja, unaviweka kati ya meno, unashikilia nusu dakika, mara kadhaa kwa siku, na vidonda vikipungua unaongeza kijiti kimoja. Andikeni idadi nyuma ya kalenda hiyohiyo anayoandikia. Baba atapenda kuona namba ikipanda.

Mama yako mpe salamu zangu, na umwambie arudishe sahani kabatini pamoja na zingine. Mionzi anayopigwa baba inatoka kwenye mashine, inapita, imekwisha. Haibaki mwilini wala haimrukii mtu, na haikai kwenye kikombe. Wajukuu wakae mapajani mwake. Kwenye shingo msimpake udi, mafuta ya kuchua wala dawa za kienyeji, na wembe asipitishe. Aoshe kwa maji vuguvugu, apake kile tu alichopewa hospitali, na kanzu yake iwe ya pamba yenye shingo pana.

Akifika hospitali watampima damu na figo kabla ya dripu nyingine, kwa kuwa amekunywa maji kidogo siku hizi. Wakiahirisha kemo msifadhaike. Mionzi yenyewe waulizeni kama inaweza kuendelea. Akisikia masikio yanavuma, aseme, maana baadhi ya dawa za kemo hugusa usikivu. Na mkishamaliza yote, ombeni awe anapimwa tezi ya shingo ya thairoidi kila miezi 6 hadi 12. Mionzi huidhoofisha polepole, na mtu akawa anachoka, anasikia baridi, ndugu wanasema ni uzee kumbe kidonge kimoja kwa siku kinatosha.

Ramadhani ijayo ataniuliza, najua, kwa hiyo nalijibu mapema. Mdomo wenye mate machache unahitaji maji kila saa. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na sheikh wake atamweleza fidia. Wewe kazi yako ni kumweleza sheikh hali ya koo, kwa sababu baba mwenyewe atamwambia kwamba hajambo.

Imebaki adhana. Sauti yake imekwenda kwa sababu koo limevimba na kukauka, na uvimbe huo hushuka. Uliniambia ugonjwa uko nyuma ya ulimi. Kama kisanduku cha sauti hakikuguswa, nina matumaini ya kweli kwamba sauti itarudi, ingawa huenda isiwe na urefu ule wa zamani. Pumzi itakatikia mahali ambapo zamani haikukatika. Mpe miezi mitatu baada ya siku ya 35. Aanze kwa kukimu, ambako sauti haipandi sana. Siku atakapoadhini kwa mara ya kwanza iwe adhuhuri, isiwe alfajiri, kwa kuwa usiku mate hupungua kwa kila mtu, na yeye ataamka na ulimi umegandia kaakaa. Na pembeni ya kipaza sauti muweke chupa ndogo ya maji.